Kitasa cha Chumba cha Ndani

Mgeni akitaka kuijua historia ya mji wetu wa Morogoro, huelekezwa kwenye boma la Wajerumani, kituo cha reli, au misheni za kale zilizo chini ya mlima. Mimi ningemwelekeza kwanza kwenye mlango wa chumba cha ndani katika nyumba yoyote iliyojengwa kabla ya Uhuru, nikamwomba ainame atazame tundu la ufunguo. Tundu lenyewe ni kubwa, mtoto anaweza kuchungulia na kuona nusu ya kitanda. Juu ni duara, chini ni mkato mwembamba. Kitasa chenye tundu la namna hiyo hufunguka bila ufunguo wake. Kila fundi analijua jambo hilo, na wapangaji wengi pia wanalijua. Pamoja na hayo, kwa miaka mingi watu wa mji huu wamelala nyuma ya vitasa hivyo na kuacha mali zao zote nyuma yake. Imekuwaje mpaka kitu dhaifu namna hiyo kikapewa kazi kubwa namna hiyo?

Nianze milimani. Kwa bibi yangu mzaa mama, upande wa Matombo, mlango ulikuwa wa mianzi iliyofungwa kwa kamba za mgomba. Usiku uliegemezewa gogo kwa ndani. Mchana, bibi alipokwenda shamba, alilaza kijiti kimoja mlangoni. Kijiti hicho kisingeweza kumzuia hata kuku. Kazi yake ilikuwa kusema kwamba mwenyewe hayupo. Mgeni alipiga hodi mara tatu, akakiona kijiti, akaenda zake. Ndani hapakuwa na mlango mwingine wowote. Palikuwa na kipande cha kaniki kilichoning'inizwa, na ole wake mtoto aliyekifunua bila kuitwa.

Lugha yetu yenyewe imehifadhi hatua tulizopitia. Komeo ni neno letu la tangu zamani, na kwanza lilikuwa la mti. Kufuli tumelipata kwa Waarabu, likaja na biashara ya pwani. Kitasa, kile cha chuma kinachokaa kwenye ubao wa mlango wenyewe, kwa watu wa bara kilikuja baadaye zaidi, na ndicho kilichotuletea desturi mpya ya kufunga chumba kimoja dhidi ya kingine ndani ya nyumba moja.

Si kwamba milango mizito haikujulikana huku kabla ya Wazungu kututawala. Chini ya Uluguru palikuwa na mji wa Kisabengo, yule Mzigua aliyekusanya watu waliokimbia utumwa na vita akawajengea ngome, na ambao baadaye ulitawaliwa na binti yake, Simbamwene. Henry Morton Stanley alipita hapo mwaka 1871 akienda kumtafuta Livingstone. Aliandika habari za ukuta, za minara ya mawe kwenye pembe, na za malango manne yaliyoelekea pande nne za dunia, yenye milango ya mbao ngumu iliyochongwa nakshi za Kiarabu. Alidhani pengine milango hiyo ilitengenezwa Unguja au pwani ikaletwa ubao mmoja mmoja. Lakini alikiri pia kwamba huenda ni kazi ya mafundi wa hapahapa, kwa maana aliona nakshi kama hizo kwenye nyumba kubwa za mjini. Mimi napenda kuamini hilo la pili. Aliporudi mwaka 1872 alikuta mafuriko ya mto yamebomoa ukuta wa mbele na kuchukua nyumba nyingi. Ila milango ile, kwa nakshi zake zote, ilikuwa ya kuuzuia ulimwengu wa nje. Ilimlinda kila aliyekuwa ndani dhidi ya asiyekuwamo.

Mlango wa ndani wenye kitasa ni fikra nyingine kabisa. Ulitujia pamoja na nyumba ya Kizungu: ukumbi, vyumba kulia na kushoto, na kila chumba na ufunguo wake. Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa wamefika Bagamoyo mwaka 1868, wakafungua Mhonda mwaka 1877, kisha Morogoro, na Matombo mwaka 1897. Pale Bagamoyo walikuwa na karakana za useremala na uhunzi, na vijana waliokombolewa utumwani walifundishwa kazi hizo. Reli kutoka Dar es Salaam ilipofika Morogoro mwaka 1907, vitu vizito vya chuma vilivyokuwa vikibebwa kichwani vikaanza kushushwa kwa masanduku. Baada ya vita ya mwaka 1916 Wajerumani wakaondoka, Waingereza wakaingia, na mashamba ya katani yakapata wenyewe wapya. Waliobadilika walikuwa mabwana, kwani mpango wa nyumba ulibaki uleule.

Katika nyumba hizo ufunguo wa chumba cha kulala haukuwa na habari kubwa. Uliokuwa na habari ni ufunguo wa stoo. Humo mlikuwa na sukari, unga wa ngano, mafuta ya taa na chupa za bwana. Bibi wa nyumba aliubeba kwenye fundo lake, akapima sukari asubuhi kwa kikombe, akafunga. Mpishi, ambaye alikuwa mtu mzima mwenye wajukuu lakini akiitwa "boi", alisimama pembeni akisubiri. Wazee waliofanya kazi hizo walikuwa wakicheka wakisimulia. Walijua kwamba ufunguo wa chumba cha kuogea ulifungua stoo vilevile. Waliutumia? Wengine ndiyo, wengine hapana. Lakini walijua, na kujua huko kuliwapa heshima fulani mbele ya nafsi zao wakati sukari ikipimwa.

Sasa tuje kwenye mwaka 1971, maana bila mwaka huo vitasa hivi vingebaki kuwa mambo ya mabwana na wapishi. Mwezi Aprili mwaka ule Serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, ikaunda ofisi ya Msajili wa Majumba. Morogoro, kama miji mingine, nyumba nyingi za namna hiyo zilikuwa za wafanyabiashara wa Kihindi. Baadhi zilizojengwa kwa ajili ya ukoo mmoja zikaja kukaliwa na watu wasiojuana, chumba hiki karani wa katani, kile muuguzi, cha tatu fundi cherehani na watoto wanne. Hata nyumba za kawaida za mtaani, zile za ukumbi katikati na vyumba pande mbili, zilipangishwa hivyohivyo chumba kimoja kimoja. Mlango wa nje ukawa wa wote, na kwa hiyo ukawa hauna mwenyewe. Mlango wa ndani ndio uliogeuka kuwa lango la familia, na kitasa kilichotengenezwa kwa ajili ya adabu kikapewa kazi ya askari.

Niliiona maana ya jambo hilo mwaka 1993, mjomba wangu alipofariki. Alikuwa mpangaji katika nyumba ya vyumba sita, iliyokuwa ya Msajili mpaka mwaka 1990, ofisi hiyo ilipounganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Tulipomaliza matanga ufunguo wa chumba chake haukuonekana. Ulitafutwa kwenye makoti, chini ya mkeka, hata kwenye mfuko wa nguo alizovaa mara ya mwisho, usipatikane. Nami nieleze, kwa msomaji asiyetoka kwetu, kwa nini jambo hilo halikuwa dogo. Waluguru tunahesabu ukoo kwa mama. Kwa desturi, mali ya marehemu ina neno kwa wapwa zake, na ardhi ya ukoo ndiyo kabisa, wakati watoto wake aliowazaa ni wa ukoo wa mama yao. Siku hizi watoto hawakubali kirahisi, na wana hoja. Kwa hiyo mlangoni pale tulisimama pande mbili, sisi wapwa na binamu zangu, na ndani mlikuwa na karatasi za shamba la Kinole.

Binamu yangu mkubwa alikuwa ameshika shoka. "Shangazi," alimwambia mama yangu mkubwa, "tuuvunje tu. Mlango ni wa Shirika, tutalipa."

"Ubao mtaulipa," mama mkubwa akamjibu. "Maneno mtayalipa na nini?"

Akaagiza aitwe balozi wa nyumba kumi, na fundi baiskeli mmoja wa karibu na soko aliyesifika kwa kufungua vitasa. Wakati tunamsubiri fundi tulifanya yale ambayo kila mtu hufanya. Tulichungulia tunduni tuone kama ufunguo umebaki kwa ndani. Ungekuwamo, kazi ingekuwa rahisi: unapitisha gazeti chini ya mlango, unausukuma ufunguo kwa kijiti udondoke juu ya gazeti, kisha unavuta gazeti taratibu. Tundu lilikuwa tupu, mwanga wa dirisha ulionekana. Tukatazama bawaba. Zilikuwa upande wa ndani, kwa hiyo hata pini zake hazikufikika.

Ndipo jirani wa chumba cha mkabala, mama mmoja muuza vitumbua, alipotoka na ufunguo wake mkononi. Alikuwa amekaa kimya muda wote. "Jaribuni huu," alisema.

Balozi akauingiza. Uligeuka bila kukwama, kama vile ulichongwa kwa ajili ya mlango ule. Hakuna aliyeingia. Binamu yangu alimtazama yule mama, akamwuliza amejua tangu lini.

"Tangu mwaka 1981," alisema. "Nilipoteza wangu sokoni, marehemu akajaribu wake, ukafungua kwangu. Tukatazamana. Hatukulizungumza tena."

"Kumbe miaka yote hiyo ungeweza kuingia siku yoyote."

"Ningeweza. Na yeye angeweza kuingia kwangu."

Sijui msomaji angefanya nini hapo. Binamu yangu alifungua kinywa, nami nilijua anachotaka kukisema. Mama mkubwa alimtangulia. Alimshika jirani mkono akamwambia aingie wa kwanza, akae kitandani, ashuhudie kila kitakachohesabiwa. Ikahesabiwa redio, makoti mawili, daftari la madeni, karatasi za shamba ndani ya bahasha ya kaki, na fedha kwenye kopo la kakao. Fedha zile binamu yangu alizihesabu mara mbili. Hapakuwa na maandishi ya kulinganisha nazo, na kwa hiyo hapakuwa na namna ya mtu yeyote kujua kama zilipaswa kuwa zaidi. Suala la shamba lilichukua miaka mingine mitatu, na hilo si la kuandika hapa.

Fundi baiskeli alifika mambo yakiwa yamekwisha, akadai nauli yake. Ili asiondoke bure, nilimwomba anionyeshe angefanyaje. Alifungua skrubu, akakitoa kitasa chote kutoka ubavuni mwa mlango, akakilaza sakafuni na kuinua kifuniko. Nilishangaa jinsi ndani mlivyokuwa na vitu vichache. Mlikuwa na ulimi wa chuma unaotoka na kurudi, vibati viwili vyembamba vilivyolaliana juu yake, na kispringi kwa kila kibati. Kila kibati kina njia iliyokatwa katikati, na ulimi una kijino kilichosimama. Kibati kikiwa kimelala, kijino hakipati njia. Ufunguo ukigeuzwa, meno yake huvinyanyua vibati vyote viwili kwa kimo sawasawa, njia zikakutana, kijino kikapita, na papohapo ncha ya ufunguo ikausukuma ulimi. Basi.

Fundi alikuwa na spoki mbili za baiskeli alizozikunja ncha kama kiwiko. Kwa spoki moja alikandamiza ulimi kuelekea upande wa kufungua, asiulazimishe, bali auweke kwenye mkazo. Kwa ya pili alipapasa kibati kimoja akakinyanyua mpaka akasikia kimeshika, kisha cha pili. Ulimi ukarudi wenyewe. Aliniambia siri iko kwenye mkono wa kwanza, kwamba ukikandamiza kwa nguvu vibati havinyanyuki, ukilegeza vinadondoka tena. Kitasa kikiwa na kutu aliweka matone ya mafuta ya taa, akaenda kunywa chai.

Alikuwa pia na kile ambacho mafundi hukiita ufunguo malaya. Jina si zuri, lakini ndilo lililoko hata kwenye kamusi. Ni ufunguo uliopigwa tupa mpaka ukabakiwa na ncha tu. Huo hufanya kazi kwenye vitasa vya kale zaidi visivyo na vibati. Ndani yake mna kingo za duara zilizowekwa ili ufunguo wa mtu mwingine ugote. Usipokuwa na mwili wa kugota, unapita. Na vipo vile vya Kijerumani ambavyo tundu lake limepinda kama herufi S: huko kizuizi ni umbo la tundu lenyewe, na kipande chembamba cha chuma kilichokunjwa hupita bila kuulizwa.

Nilimwuliza kwa nini ufunguo wa jirani ulifungua. Alinionyesha kwenye ubavu wa kitasa neno "Union". Vitasa vya jina hilo vilitoka Willenhall, mji mdogo wa Uingereza ambao watu wake waliishi kwa kutengeneza vitasa kwa vizazi vingi. Kwa vitasa vya vyumba vya ndani, vyenye vibati viwili tu, michoro ya meno haikuwa mingi. Aliyejenga nyumba alinunua sanduku zima, na haikumhusu kama funguo mbili zilifanana, kwa kuwa wote waliolala ndani walikuwa watoto wake.

Waingereza wenyewe hawakudanganyika juu ya udhaifu huu. Robert Barron alipata hataza ya kitasa cha vibati mwaka 1778, na Jeremiah Chubb akakiboresha mwaka 1818, ikaaminika kwamba kimeshindikana. Kwenye Maonyesho Makubwa ya London ya mwaka 1851 akaja Mmarekani, Alfred Charles Hobbs, akakifungua mbele ya watu bila ufunguo. Magazeti yalipiga kelele. Baada ya hapo vitasa vya mabenki na makasha ya fedha vikaongezewa vibati na mitego. Vya vyumba vya ndani vikaachwa kama vilivyo, kwani nani angetaka kulipia kitasa cha benki kwenye mlango wa chumba cha watoto? Hivyo ndivyo vilivyotufikia sisi.

Mama mkubwa hakusoma sheria, lakini kukataa kwake shoka kulikuwa na maana kubwa kuliko alivyojua. Kanuni ya Adhabu tuliyorithi kwa Waingereza haihitaji ubao upasuke ndipo iseme jengo limevunjwa. Mtu anayefungua kwa ufunguo, kwa kusukuma, kwa kuvuta au kwa kunyanyua, hata kama ni mlango wa kutoka sehemu moja ya jengo kwenda nyingine, anahesabiwa kuwa amevunja. Kinachomfanya awe mhalifu ni kuingia na nia ya kutenda kosa. Kwa hiyo mbele ya sheria ile shoka la binamu yangu na ufunguo wa muuza vitumbua vilikuwa kitu kimoja. Mashahidi waliosimama ukumbini ndio walioweka tofauti.

Habari za ufunguo ule zilienea nyumba nzima kabla ya jua kuzama. Wapangaji walijaribu funguo zao kwenye milango ya wenzao, mchana kweupe, wengine wakicheka na wengine wasicheke. Funguo tatu kati ya sita zilifunguliana. Juma lile lile vyumba vitano vilipigiliwa bati na pete, vikatiwa makufuli. Chumba cha sita kilikuwa cha yule mama. Sikuwahi kumwuliza sababu. Alihama miaka michache baadaye, akarudi kwao Mgeta.

Siku hizi vitasa vinavyouzwa madukani ni vile vya silinda, vyenye ufunguo mdogo bapa. Kanuni yake ni ile ya komeo la mti la Wamisri wa kale, vijiti vinavyodondoka kwenye matundu na ufunguo wa kuvinyanyua, ambayo Linus Yale mdogo aliifanya ya chuma huko Marekani miaka ya 1860. Spoki ya baiskeli haitoshi hapo. Mafundi wengi sasa hawapapasi tena, wanatoboa silinda kwa drili na kuuza mpya. Vitasa vya zamani vinang'olewa na kuuzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Lakini milango ya mninga haitupwi. Nenda kwenye nyumba yoyote kuukuu ya kupanga, utaukuta mlango una alama zote kwa mpangilio: kwa juu silinda mpya inayong'aa, chini yake matundu ya misumari ya bati na pete, na chini kabisa tundu la zamani, kubwa, lililozibwa kwa karatasi au kipande cha sabuni ili watoto wasichungulie.